Madamu Kistari akataa watoto kuchana madaftari

Kwaru, kwaru. Njiti ya kibiriti inagoma gizani. Ya pili inawaka. Mwalimu wa darasa la pili anabandika chai, anamfunika vizuri mwanawe aliyelala, kisha anaketi kusahihisha. Darasani ana watoto sitini na watatu, nao wamembatiza Madamu Kistari.

Jina limetokana na amri yake moja. "Ukikosea, piga kistari juu ya kosa, endelea na safari," anasema. "Hakuna kuchana."

Kuchana ndiyo desturi ya shule hii. Mtoto akikosea hesabu, ukurasa unang'olewa ili daftari lionekane safi siku ya ukaguzi. Na daftari lenyewe limebanwa kwa pini katikati: ukivuta karatasi ya mbele, mwenzake wa nyuma, ambaye hajaguswa hata na nukta, naye analegea na kudondoka. Muhula haujafika nusu, daftari limebaki jalada na mbavu. Karatasi zote hizo zinachomwa nyuma ya vyoo.

"Tunachoma karatasi nyeupe, halafu tunamrudisha mtoto nyumbani eti hana daftari! Jamani, hii ni akili kweli?" anauliza mwalimu, sauti ikimpanda.

Muhula uliopita aliyerudishwa ni Kidoti, binti wa kinyozi. Alishinda dukani kwa baba yake akifagia nywele huku wenzake wakijifunza hesabu za kutoa.

"Niliitwa nikaambiwa mwanangu mharibifu," anasema kinyozi huyo, mkasi ukiwa umesimama hewani. "Mharibifu nani? Si kachana kwa kuagizwa!"

Tangu hapo mwalimu akapiga marufuku kuchana. Mkuu msaidizi wa shule ameshamwonya: wakaguzi wakikuta madaftari machafu, atanyang'anywa darasa.

Asubuhi hii wanakutana mlangoni, watoto wakisikia.

"Dada yangu, wakaguzi wanataka usafi."

"Usafi gani, kaka? Kosa ndilo linalonionyesha mtoto amekwama wapi. Ukilichoma, mimi nifundishe nini, majivu?"

Madawati ya nyuma yanacheka chinichini.

Kwenye mkutano ujao wa wazazi anakusudia kuomba desturi hiyo ifutwe shule nzima. Kinyozi ameahidi kuwa wa kwanza kusimama. "Wakininyang'anya darasa hili, si watanipa jingine?" anasema mwalimu. "Huko nako hakuna atakayechana."

Mkuu msaidizi anaingia, anaokota daftari la juu mezani. Ni la Kidoti. Hesabu moja imekosewa, imepigwa kistari, imerudiwa chini yake, na safari hii amepata.

"Toa ukurasa huu, uandike upya," anamwagiza Kidoti.

Kidoti anamtazama mwalimu wake, anamtazama mkuu msaidizi, kisha anasimama.

"Ukurasa huo bado una nafasi ya kuandika."