Tupa ya Amur na Upanga wa Kimoro

Ukifika Sib, pembeni ya Maskati, ukauliza nyumba ya Amur wa majambia, hata muuza halua atakuonyesha. Si duka hasa. Ni chumba cha dereva kilichokosa dereva, pale langoni, kina meza ya mbao, taa ya kuning'inia, na mashine ya kung'arishia aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia. Amur kafanya kazi ya umeme miaka thelathini na moja, huko Ghubra, akifunga nyaya na kusoma mita. Alipostaafu ndipo alipoanza kushika majambia ya watu. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu lake, akaharibu la shemegi yake, la tatu likatoka zuri, na tangu hapo hajakosa wateja.

Sasa nikwambieni anavyofanya kazi, maana kisa chenyewe kimo humo. Kwa watu wa Maskati, silaha ya bwana harusi lazima iwake. Siku ya milka, yaani ya kufunga ndoa, wanaume huichomoa wakapokezana, kila mmoja akapitisha jicho kwenye makali, na pengo dogo tu litasemwa mpaka mwaka umalizike. Kwa hivyo Amur akipokea upanga hutoa kutu, husawazisha makali kwa tupa mpaka pengo lisibaki, kisha hung'arisha mpaka uone ndevu zako humo. Yote hayo hufanya bila ya kuuliza. Nani atataka pengo?

Alhamisi moja, baada ya alasiri, akaja Safwan, mtoto wa marehemu Sleiman aliyekuwa akikaa meza moja na Amur kazini. Safwan ni mhandisi, ana miaka ishirini na minane, na alikuwa kabakisha wiki tatu kuoa. Alikumbatia kitu kirefu kilichozongwa blanketi, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Ami Amur, nna kazi yako."

"Kaa kwanza unywe kahawa."

"Kahawa itanywewa, ami. Fungua hiki."

Amur akafungua. Upanga ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umefanya magamba, na bapa lake halikunyooka. Lilikwenda likijipinda kulia na kushoto mpaka nchani. Mpini wa mti mweusi ulichongwa kama kichwa cha ndege. Ala imepasuka. Kheiria, mke wa Amur, aliyekuwa anaingia na birika, akarudi nyuma hatua moja.

"Subhanallah! Mmeniletea nyoka nyumbani?"

"Nyoka wetu huyu, bi Kheiria," Safwan akacheka. "Wa kwa kina mama."

Mama yake ni Bi Sayyida, Mmoro, yaani Muislamu wa kusini ya Ufilipino. Alikuja Maskati kwa kazi ya uuguzi, akaolewa na Sleiman, na Kiswahili akakipata jikoni kwa mkwewe, hapo hapo Sib, akikuna nazi. Miaka kadhaa nyuma vita vilibomoa mji wa kwao. Kaka zake wawili walikufa, nyumba ikalala chini, na kilichokuja kutolewa kwenye kifusi, baada ya misimu miwili ya mvua, ni upanga huu. Mtoto wa kaka yake akamtumia kwa meli, ndani ya sanduku la nguo. Bi Sayyida aliupokea, akauzonga blanketi, akauweka juu ya kabati. Hakuufungua tena.

"Upande wa baba ntakuwa na watu mia mbili," Safwan akasema. "Upande wa mama hamna wa kuja. Hata mmoja, ami. Nataka nikae mbele ya sheikh na upanga wa babu zangu mkononi, watu wajue kuwa mama naye ana kwao. Tangu skuli naitwa mtoto wa Mfilipino, utasema mama kaokotwa kiwanja cha ndege."

"Mwenyewe anajua umeuchukua?"

"Hajui. Nataka auone siku hiyo hiyo."

Amur akakuna kidevu. Alihisi kitu hapo, mwenyewe baadaye alikiri, lakini uso wa yule kijana ulikuwa umejaa furaha, na yeye si mtu wa kuvunja furaha za watu.

"Inshallah utawaka," akasema.

Kazi ilimtesa. Kila alivyosugua kutu kwa mafuta ya taa, chuma nacho kilitoka, mpaka akaingiwa na khofu kwamba chini ya kutu hamna upanga, kutu ndiyo upanga wenyewe. Siku ya tano kikaanza kuonekana chuma kizima, na ndani yake mistari myembamba, kama maji yanayopita juu ya mchanga. Kwenye makali, upande mmoja, akakuta mapengo tisa.

"Mwenye huu alikuwa anakata nini, mawe?" Kheiria akauliza.

"Nyumba imeuangukia, unataka ubaki salama?"

"Mbona yote upande mmoja?"

"We mwanamke, ufundi umeuanza lini?"

"Tangu ulipoharibu jambia la kaka yangu."

Wakacheka. Amur akachukua tupa. Mapengo mawili yalikuwa na kina, ikambidi ayapunguze makali yote mpaka yafike kina hicho. Kazi ya siku mbili, chuma kikilia. Kisha akaupitisha kwenye mashine, ukawaka, na ile mistari ya maji ikapotea ndani ya mwako. Akaulaza juu ya kitambaa cheupe chini ya taa. Tangu aanze kazi hii alikuwa hajawahi kutoa makali yaliyolingana namna ile.

Asubuhi ya pili yake Bi Sayyida akashuka kwenye teksi. Alikwenda kutafuta blanketi juu ya kabati, akakuta hamna, akambana mwanawe mpaka akasema.

"Shemegi," alisema akiwa bado mlangoni, anatweta, "kutu toa, nimeridhia. Lakini makali usiyaguse."

Amur akasogea kando, na Bi Sayyida akauona upanga.

Bi Sayyida akaja taratibu. Akaweka kidole gumba karibu na mpini, akaanza kukitelezesha kwenye makali huku anasema maneno ya kwao, polepole. Yalikuwa majina. Alisema matatu. Kidole kikaendelea kuteleza, sauti haikuendelea. Akarudi kwenye mpini, akaanza upya. Matatu tena. Mara ya tatu akapata mawili.

"Wa nne pengo lake lilikuwa dogo," akasema kwa Kiswahili, kama anayejiuliza mwenyewe. "Baada yake kuna kubwa, unaingia ukucha mzima."

Ndipo alipowaeleza, Amur na Kheiria aliyekuja na kahawa. Kwa kina Bi Sayyida, kila pengo lilikuwa la mtu: pale upanga ulipokutana na upanga mwengine, na jina la babu aliyeushika siku hiyo. Baba yake hakuwafundisha kwa kuandika. Aliwashika vidole, yeye na kaka zake, akawapitisha pengo kwa pengo, jina kwa jina, mpaka vidole vikajua. Yuko mtu anajua namba ya simu kwa kidole. Mwambie aitaje kwa mdomo, anakwama. Ndivyo alivyokuwa yeye.

Amur akachukua simu mbio. Yeye kila kazi huipiga picha kabla hajaianza. Akaikuza picha, akaikuza tena, wote watatu wameinamisha vichwa. Kutu. Magamba ya kutu yameziba kila kitu. Yalionekana mapengo manne, labda, na la nne huenda ni kivuli.

"Si uyakate tena?" Kheiria akasema. "Bi Sayyida atakuonyesha pahala."

"Yale yalikatwa na watu, bi Kheiria."

Bi Sayyida hakusema kwa hasira. Amur angemshukuru lau angepiga kelele, angetupa kitu, angemwita fundi wa uongo. Alikaa tu kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Nilidhani ni uharibifu," Amur akasema.

"Najua, shemegi."

"Hakuna mwengine anayeyajua? Yule mtoto wa kaka yako?"

"Yeye alikuwa mdogo. Kaka zangu ndio walioyajua." Akautizama upanga. "Safwan nilimwekea. Nilisema akioa ntamkalisha nimfunze. Nilikuwa naogopa kuufungua, siku zikaenda."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

Akafikiri sana. "Chuma kisugue ndimu, ile mistari itarudi. Baba alikuwa akifanya hivyo kila mwaka. Na mwanangu usimwambie."

"Vipi nisimwambie, Bi Sayyida? Upanga wake huu!"

"Yeye anaona kaniletea watu wangu harusini. Ukimwambia, atajua kuwa kawachukua kwa mkono wake mwenyewe kuja kuwafuta. Atakaa na hilo umri wake wote. Kaa nalo wewe. Na mimi."

Alivyoondoka, Amur akakata ndimu kumi na mbili. Mistari ya maji ilirudi jioni ile ile, mizuri, na ikamtia uchungu kuona imerudi kirahisi hivyo. Usiku hakula. Kheiria alimsukumia sahani mara mbili, mara ya tatu akaiondoa bila ya mzaha wowote, na Kheiria si mtu wa kuacha mzaha.

Safwan alipokuja kuuchukua, alimrukia Amur shingoni. "Ami! Kama mpya!" Amur akasema ndiyo, kama mpya.

Milka ilikuwa msikitini Ghubra, baada ya alasiri. Wanaume wamejaa, dishdasha nyeupe, vilemba vya kila rangi, na mafusho ya udi. Amur alitaka kukaa nyuma karibu na viatu, lakini Safwan alimwona, akamfuata, akamvuta mkono mpaka safu ya mbele. Kabla ya kukaa mbele ya sheikh, akamkabidhi upanga.

"Nishikie, ami, mkono wangu utashikwa na baba mkwe. Hapa pangekaa khalu yangu, kaka wa mama."

Amur akakaa na upanga mapajani. Sheikh akawa anatafuta karatasi zake. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, jirani yake kwenye safu, akaukodolea macho, akauomba kwa ishara, akauchomoa kidogo.

"Mashaallah. Tizama makali haya! Hayana hata doa." Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, vichwa vikawa vinatikisika kwa kuridhika. Ulipomrejea, yule mzee akamwinamia Amur sikioni.

"Wa nani huu?"

"Wa kwa mamake bwana harusi. Wa babu zake."

"Ahaa. Watu wa silaha hawa." Akafurahi kweli, uso ukamfunguka, kama mtu aliyekuwa na shaka na nasaba ya mkwewe na sasa imemtoka. "Wakiitwa nani?"

Sheikh akaanza kusoma khutba ya ndoa. Yule mzee bado kategea sikio, anangoja kwa adabu. Amur akatafuta kichwani yale majina matatu aliyoyasikia chumbani kwake siku ile, akatafuta hata moja tu, hata mwanzo wake. Yeye siku ile alikuwa anatizama kidole cha Bi Sayyida.

"Tusikilize khutba," akamwambia, na akaushika upanga kwa mikono miwili mpaka ndoa ikafungwa.