Tulimsema vibaya bwana mifugo wetu ili asihamishwe, akahama mwenyewe. Mpaka leo sielewi

Wakuu, heshima kwenu wote mliomo humu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazileta, tusipoteze muda.

Naandika mwenyewe kwa kidole changu. Shule niliishia darasa la pili, baba akasema inatosha, na kweli imetosha. Nina ng'ombe, nina nyumba ya bati, watoto wamesoma. Kwa hiyo anayekuja kunisahihisha herufi apite tu, uzi haumhusu.

Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji sikitaji.

Kilichonileta ni hiki. Huku kwetu Handeni wanatafuta daktari wa mifugo wa vijijini aliyefanya kazi nzuri kuliko wenzake, wamtambue mbele ya watu. Mkutano ni Alhamisi. Tuna binti mmoja hapa, daktari, kazi anaijua. Nimeambiwa mimi mfugaji wa zamani nisimame nimsemee.

Mwingine angefurahi. Mimi nimekosa raha toka Jumapili.

Kwa sababu kijiji chetu kiliwahi kuulizwa swali hilo hilo, miaka ya ujamaa. Tukaharibu. Na sijui tuliharibu wapi.

Sasa nisikilizeni.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimetoka kukata mkonge Korogwe, nina mtamba wangu niliyempata kwa jasho. Tukakusanywa kwenye kijiji kipya, upande wa Misima. Nyumba kwenye mstari, shamba la pamoja, ng'ombe wa kijiji zizi moja, na sisi wenye ng'ombe wetu jirani hapo hapo.

Zamani kila mtu alikuwa porini kwake na mifugo yake. Tulipokusanyika, kupe nao wakafanya ujamaa.

Ndigana ikaingia. Kwa wasiofuga, huo ni ugonjwa wa kupe, ndama anavimba tezi, anapumua kwa shida, anakwenda. Serikali ikatujengea josho, ule mfereji wa dawa ambao ng'ombe anatumbukia upande huu anatokea upande ule. Na tukaletewa bwana mifugo. Siku hizo hatukusema daktari, tulisema bwana mifugo.

Huyo wa kwanza alikuwa mzuri. Wakubwa walipokuja kuuliza tukamsifu, akina mama wakapiga vigelegele. Mwezi haukuisha, wakampandisha cheo, wakampeleka mjini kukaa mezani.

Josho likabaki na sisi. Dawa tukawa tunaweka kwa kukisia. Ndama walikufa mpaka mbwa wakachoka nyama.

Tulikaa hivyo muda mrefu kabla hajaletwa Bwana Elia.

Elia alikuwa Mshambaa wa milimani, Mkristo, mrefu, hacheki ovyo. Ana baiskeli, na mgongoni mwa baiskeli sanduku la dawa amelifunga kwa mpira.

Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mwingine. Akija zizini kwako hamgusi ng'ombe kabla yako. Anasimama pembeni, mikono nyuma.

"Shika chini ya sikio."

"Nimeshika."

"Kuna nini?"

"Kitu kama kokwa la embe, bwana."

"Basi ulale ukijua kwamba juzi lilikuwa kama harage, na wewe ulikuwa hapa hapa."

Ndiyo anafungua sanduku.

Tulimchukia kwa maneno yake. Lakini baada ya muda kila mtu kijijini alikuwa anashika tezi. Mama yangu mdogo, Bibi Mwanahawa, alifikia hatua ya kuwashika watoto chini ya masikio wakija kuomba maji.

Josho ndiyo usiseme. Mvua ikinyesha anakuja kupima maji, maana dawa inakuwa nyepesi. Akikuta umeruka wiki bila kuogesha, anakufuata mpaka shambani na kukusema mbele ya mkeo.

Ndama wakaanza kupona. Mjue sisi tulikuwa hatumpi ndama jina mpaka avuke masika, unakipaje jina kitu kinachokufa. Mwaka ule tukaanza kuwaita majina wakiwa bado wana damu ya uzazi mwilini.

Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa mifugo anapita vijijini kutafuta bwana mifugo bora, apewe cheti.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, akatuita. Elia hakuitwa.

"Jamani, yule wa kwanza mnamkumbuka?"

Vichwa vikaitikia.

"Tulimsifu, tukanyang'anywa. Huyu hatumsifu. Mkubwa akija, kila mtu aseme kosa lake."

Bibi Mwanahawa akauliza, "Kosa lipi mwenyekiti? Yule hana kosa."

"Litafute, dada. Makosa ya marehemu mumeo uliyapata yote bila kusaidiwa."

Watu wakacheka, mkutano ukafungwa. Wala hakuna aliyeuliza nani atamwambia Elia. Wakuu, hapo ndipo ninaporudi kila siku. Watu wazima wale wote, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Siku ikafika. Tukakusanyika pale josho. Landrova ikaja, mkubwa akashuka, mtu mnene mwenye sauti ndogo.

Elia alikuwa amevaa shati jeupe limepigwa pasi. Alikuwa amefagia mpaka njia ya ng'ombe. Alijua mkubwa amefuata nini, akaketi mwisho wa benchi, mikono magotini, kama bwana harusi.

Mkubwa akauliza, "Bwana mifugo wenu mnamwonaje?"

Mzee Mhina akaanza. "Mkali. Anatutoa vitandani jua halijachomoza twende josho."

Mwingine akasema, "Alinizuia kuchinja ng'ombe mgonjwa. Nyama yote ikafukiwa. Wageni wangu walikula mchicha."

Bibi Mwanahawa akasimama. Nilimwona anatafuta. "Huyu baba anapenda ng'ombe kuliko watu. Mimi niliumwa mguu hakuja kuniona. Ng'ombe wangu alipoumwa mguu alikuja mara mbili."

"Mara tatu," mtu akasema nyuma.

"Basi tatu. Ndiyo ubaya wenyewe huo."

Mkubwa akanigeukia. "Na wewe kijana?"

Mimi uongo siuwezi, sikuuweza ujanani na siuwezi sasa. Nikasema jambo la kweli. "Kwangu hanywi chai. Kila nikimkaribisha anasema ana zizi lingine."

Nilimtazama Elia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sasa ninyi mnaosoma mmeshaona. Watu wale hawakuweza kumzulia mtu jambo. Waliambiwa walete makosa, wakaleta kazi yake yote na kuiita makosa. Mkubwa naye akaona. Wakati wa kuondoka gari liligoma, tukalisukuma, na mimi nilikuwa dirishani kwake nikasikia anamwambia Mzee Mhina, "Mzee, nimewaelewa. Cheti atapata, na simtoi hapa."

Mwenyekiti akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kijiji kizima kikafurahi. Tumeshinda.

Mgeni aliyekaa na sisi muda wa kukausha shati alituelewa. Elia aliyekaa na sisi misimu yote hakutuelewa. Nielezeni hilo wakuu, maana mimi limenishinda.

Elia aliondoka pale na baiskeli yake gari likiwa bado linasukumwa. Hakuaga. Kesho yake alikwenda josho kama kawaida, akapima maji kama kawaida. Ila zizini akawa hasemi. Unashika tezi, hakuulizi kuna nini. Anachoma sindano, anafunga sanduku, anaondoka. Tukadhani anaumwa.

Siku moja nikapita kwake nikakuta anafunga godoro kwa kamba.

"Bwana Elia, safari?"

"Nimeomba kuhama. Naenda Kerenge, kule Korogwe."

Nikaketi kwenye sanduku lake la dawa. Nikamweleza yote. Mkutano wa mwenyekiti, yule wa kwanza aliyenyang'anywa, mpango wetu. Nikamwambia, "Tulikusema vibaya ili ubaki."

Akaendelea kufunga kamba. Kisha akauliza, "Yale mliyosema yalikuwa uongo?"

Nikafikiri. "Hapana. Yalikuwa kweli."

"Nakuamsha alfajiri?"

"Unatuamsha."

"Chai yako nimeikataa?"

"Umeikataa."

"Sasa unataka nifute kipi?"

Akakaa juu ya godoro, akanitazama kama anavyomtazama ng'ombe.

"Haya," akasema. "Mkubwa hayupo hapa. Mwenyekiti hayupo. Nisifu."

Wakuu, mimi nimelima pori kwa mikono, nimekata mkonge juani, nimezika watu wangu. Sijawahi kupata kazi ngumu kama ile. Kwetu mwanaume hamsifu mwanaume mwenzake usoni. Unamsifu kwa watu, yeye atasikia. Baba yangu hakunisifu hata siku moja na nilijua ananipenda.

Nikasema, "Wewe si mbaya."

Elia akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka, na alicheka sana, mpaka akajifuta macho. Nikadhani yameisha, atafungua kamba.

Akasema, "Barua imeshakwenda, ndugu yangu." Akaniomba nimshikie upande mmoja wa godoro.

Nikamshikia. Ningefanya nini.

Cheti kilikuja akiwa ameshaondoka. Mzee Mhina akakipeleka Kerenge mwenyewe. Aliporudi tukamzunguka, tukamuuliza alisemaje. Akasema alipokelewa vizuri, amekula ugali na kuku. Zaidi ya hapo hakusema, na hakuna aliyemuuliza tena. Kama walipatana au walikaa tu wakitazamana, sijui.

Ndama hawakufa kama zamani, maana vidole vyetu vilikuwa vimeshajua tezi. Bibi Mwanahawa ndiye aliyekuwa anatusukuma kwenda josho, na matusi ya kwake yalikuwa makubwa kuliko ya Elia. Kwa hiyo mtu atasema hatukupoteza kitu. Mimi nasema tulipoteza, ila nikitaka kukionyesha kitu chenyewe sikioni.

Funzo nililopata ni dogo. Mtu anayekufanyia kazi mwambie mwenyewe, mapema, kabla wakubwa hawajaja na magari yao. Ukingoja mkutano, maneno yanakuwa ya mkutano.

Kwa hiyo jana nikavaa kanzu, nikaenda kwa yule binti daktari. Nikamkuta anaosha mabuti yake nje. Akaniamkia, akanipa kiti. Nikamwambia moja kwa moja, "Mwanangu, kazi yako naiona. Nzuri. Nimekuja kusema hilo tu."

Akafunga bomba, akanitazama kwa wasiwasi.

"Ng'ombe yupi anaumwa, babu?"

Nikamwambia hakuna anayeumwa. Hakuamini. Akachukua begi lake, akanipakia kwenye pikipiki, tukaenda zizini kwangu, akawakagua wote mmoja mmoja.

Sasa Alhamisi hiyo inakuja. Nikisimama nikamsifu, watamchukua. Nikinyamaza, atasikia nilinyamaza. Mnaojua mambo haya niambieni niseme nini, ila andikeni fupi, macho yangu si ya zamani.