Dirishani, Juu ya Zulia la Bibi

Zulia lililorowa lina harufu yake peke yake. Ni harufu ya sufu iliyoshiba maji, ikachanganyika na ndimu, sabuni ya unga na vumbi la mwaka mzima lililogeuka tope jembamba, kisha juu yake likaja jua la kaskazi likalikausha taratibu mpaka ikabaki harufu ya usafi mtupu. Kwa harufu hiyo ndiyo nilikuwa nikijua kwamba Ramadhani imekaribia. Wengine waliutafuta mwezi mbinguni, mimi niliunusa uani kwetu. Tulikaa Ng'ambo, katika nyumba ya bati yenye ukumbi mmoja mkubwa na uwanja mdogo wa saruji kwa nyuma: mimi, Mama, mdogo wangu Nasra ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa, na Bibi, mzaa baba, ambaye nyumba ilikuwa yake na neno la mwisho pia lilikuwa lake. Baba alifanya kazi Pemba, akija kwetu mara moja kwa mwezi na kukuta kila kitu kimekwisha kuamuliwa.

Bibi alikuwa na zulia moja tu, jekundu lililoiva, lenye maua ya samawati pembezoni. Kaka yake alimletea kutoka Maskati mwaka alioolewa. Lilienea ukumbi mzima, ukuta kwa ukuta, na sheria zake tulizijua kabla ya kujua kuhesabu: halikanyagwi na viatu, halilaliwi na mwenye nywele zenye mafuta, na chakula hakiliwi juu yake hata kama ni tende. Khitma na maulidi zilisomwa hapo. Na katika mwezi wa Ramadhani wanawake wa mtaani walikuja kila siku kusali alasiri ya jamaa na kusoma msahafu hadi karibu na magharibi. Kwa hivyo usafi wake haukuwa wa macho tu. Zulia linaweza kung'ara na likawa na najisi, na linaweza kuwa na doa la chai la miaka kumi na likawa twahara kabisa. Doa la chai ni aibu ya mwenye nyumba, lakini tone la mkojo lisiloondoshwa kwa maji linaharibu sala ya kila anayesujudu juu yake. Bibi alinifundisha tofauti hiyo kabla sijaweza kujifunga vifungo vya gauni.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Katika kumi la mwisho la Shaaban, jirani yetu Bi Mize alikuja asubuhi, kanga kaifunga kiunoni, na kazi ikaanza. Tulilitoa zulia nje, tukalitundika ukutani na kulipiga kwa mipini ya mafagio, likitoa vumbi jekundu mpaka tukawa tunapiga chafya sote kwa zamu. Kisha likalazwa kwenye saruji, likamwagiwa maji na sabuni. Mama na Bi Mize walilisugua kwa makumbi ya nazi, wakifuata upande ulikolala manyoya, na Bibi akapita na nusu za ndimu akitafuta madoa moja moja, na kila doa alikuwa akilijua aliyelitia. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga. Nilipandisha gauni magotini nikaenda kutoka pembe hadi pembe, povu likinipanda baina ya vidole, maji meusi yakitoka chini ya nyayo zangu.

"Kanyaga, mke mwenzangu, kanyaga," Bibi alinitania. "Hutopata siku nyengine ya kulikanyaga zulia langu ukasifiwa."

Tulisuuza mpaka Bibi alipoyakinga maji kwa kiganja na kuona mistari ya mkono wake. Kulipandisha tena ukutani kulihitaji watu wanne, kwa maana zulia bichi ni zito, linakuvuta kama halitaki kwenda. Lilikaa hapo siku tatu. Nilipewa fimbo ya kuwafukuza kunguru, na kila jioni tuliligeuza. Siku ya kulitandika, Bibi aliweka chetezo katikati ya ukumbi, akafukiza udi sakafuni kwanza, ndipo zulia likakunjuliwa juu ya moshi. Nikamwona anashika kiuno. Akamwambia Bi Mize, "Mwaka huu mgongo umenisema. Shaaban ijayo sijui kama ntaliweza tena." Alisema kwa kucheka, lakini mimi maneno yale yaliniingia nikayahifadhi.

Mchana huo huo, siku moja kabla ya mfungo, Bibi alikwenda Darajani kununua tende, na Mama alikuwa jikoni akipepeta mchele. Nilipewa Nasra nimwangalie. Nilichotakiwa ni kumweka mkekani, chumbani. Lakini ukumbi ulikuwa mzuri siku ile, unanukia udi na ndimu, na chini ya dirisha palikuwa na upepo wa kupendeza. Nikamkalisha hapo, juu ya zulia, bila ya nepi, kwa sababu joto lilikuwa limemtoa vipele na Mama alikuwa amemwacha wazi apate hewa. Nilifanya vichekesho, naye akacheka kweli kweli. Akiwa bado anacheka, nikaona wekundu wa zulia unakoza chini yake, unaenea kidogo kidogo, mpana kama sinia.

Nilijua la kufanya. Mtoto yeyote anayesoma msahafu chuoni angelijua: unakausha, kisha unamimina maji safi juu yake. Lakini maji yangeacha alama, alama ingeulizwa, na jibu lingemfanya Bibi aliyeshika kiuno alitoe zulia nje upya, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Basi nikakausha kwa kanga yangu, nikaenda kuchukua marashi ya Bibi na kunyunyizia kama watu wanavyowanyunyizia wageni harusini. Mpaka Bibi anarudi, upepo ulikuwa umeshakausha kila kitu, na yeye akasema ukumbi unanukia vizuri kupita mwaka uliopita. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi siku hiyo nilizaa, na nilichozaa ni hofu.

Siku ya kwanza ya mfungo nilirudi kutoka skuli mbio, nikatia udhu, nikatandika msala wangu mdogo chini ya dirisha kabla mwanamke wa kwanza hajavua viatu. Mawazo yangu yalikuwa mepesi: nikikaa hapo mimi, hapati kukaa mwengine, na sala itakayoharibika ni yangu peke yangu. Sikujua kama msala unatosha kuwa kinga, na sikuwa na wa kumuuliza bila ya kujifichua. Mchana haukunitia wasiwasi, kwani Bibi sala zake nyingine siku zote alizisali chumbani kwake. Alasiri ndiyo ilikuwa hatari, na alasiri nilikuwapo. Wanawake walikuja, wakapanga safu, wakasali, wakasoma, na mimi sikubanduka. Wenzangu walikuwa nje wakicheza, mimi nimekaa na msahafu mapajani kama mlinzi wa benki.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kufikia siku ya nne nikaanza kusifiwa. "Mashaallah, mtoto huyu anaipenda sala," alisema mmoja. Mwingine akamwambia binti yake atazame mfano. Bi Mize aliniletea kitambaa cha ushungi cha maua, akasema ni zawadi ya mtoto mwema. Nikakipokea, nikasema ahsante, na nikahisi uso unaniwaka. Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa furaha ya Bibi. Hakuwa mtu wa kusifu, ila nilimsikia akimwambia Mama jikoni kwamba sasa hata akifa ana mtu wa kumwombea dua. Kila alipokuwa na furaha zaidi, ndipo lile neno nililotaka kumwambia lilipozidi kuwa kubwa kuliko mdomo wangu. Nilisali kwa bidii sana siku zile, na dua yangu ilikuwa moja: mvua inyeshe, iingie dirishani, ilirowanishe zulia lote. Kaskazi haina mvua.

Siku ya kumi na mbili Bi Mize alichelewa. Aliingia anahema, joto limemshinda, akatazama huku na huku, kisha akaja moja kwa moja dirishani. "Nipishe hapo, mwanangu, nipate upepo kidogo," akasema. Nikasema hapana. Sikusema kwa sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima hapana kwa jambo la kupisha, tena mtu mzima aliyefunga, tena aliyekuletea ushungi. Bibi akageuka kutoka safu ya mbele. "Salma, mpishe Bi Mize," akasema. Nikaushika msala kwa mikono miwili na kuanza kulia.

Bibi aliomba radhi kwa wageni, akanishika mkono hadi uani. Nilingojea kofi, na kofi ningelipenda kuliko kusema. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Haya. Pana nini pale?"

Nikamwambia. Nilianzia Nasra alivyocheka, nikamaliza kwa dua yangu ya mvua, na katikati sikuacha kitu, hata marashi.

"Toka Shaaban?"

"Naam."

"Na alasiri zote hizi, nani mwengine kasali pale?"

"Mimi tu, Bibi. Nlikuwa napalinda."

 Macho yake yakaenda kwenye ukuta tuliokuwa tukilitundikia zulia, huku midomo yake ikichezacheza. Nikajua ameghadhibika kiasi ambacho maneno hayatoshi. Kisha akachukua pembe ya kanga yake akanifuta machozi na kamasi, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mchanga. "Sasa mke mwenzangu, zulia kazi yake si kuoshwa? Mimi nikilia mgongo, mgongo wangu na sala kipi zaidi? Ungenambia." Akanivuta kifuani kwake. "Haya, jaza ndoo. Chukua na kata."

Tukarudi ukumbini, yeye mbele na kata, mimi nyuma na ndoo inayonimwagikia miguuni. Aliwaomba wanawake wasogee. Akamimina maji chini ya dirisha, akakamua kwa taulo, akamimina tena, mara tatu, polepole, na kila mara akinipa taulo nilikamue mimi. Bi Mize alikuwa akitazama.

"Pana nini hapo, bibi?" akauliza.

"Pana maji," Bibi akajibu. "Nnatia maji mimi."

Haukuwa uongo, na alikuwa amefunga. Bi Mize alinitazama mimi, akamtazama Nasra aliyekuwa akitambaa mlangoni, akaanza kukunja mkeka wake. "Basi na tusalini upande huu," akawaambia wenzake, "upepo unafika hata huku." Alasiri hiyo nilisali katikati ya Bibi na Bi Mize, bega kwa bega, na usiku nililala kabla sijamaliza kula futari. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo kumbukumbu niliyokuwa nikiwasimulia wanangu kama mtu anayesimulia ushujaa wake: siku kumi na mbili nilizozilinda sala za mtaa mzima nikiwa na miaka tisa.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na zulia lake liliisha likagawanywa vipande. Mimi naishi Mpendae, na mazulia yangu ni matatu, mepesi, ya kiwandani. Kabla ya Ramadhani napiga simu, wanakuja vijana wawili na gari, wanayakunja, na siku ya tatu wanayarejesha ndani ya nailoni, yananukia dawa ya maua ambayo hayapo hapa kwetu. Yanarudi safi kuliko tulivyowahi kulisafisha la Bibi. Siwezi kulalamika, kwani mgongo wangu nao umeanza kusema. Ila wanangu hawajui zulia lina uzito gani likirowa, na yanapoondoka na kurudi hakuna aliyekaa uani siku tatu na wenziwe, akicheka, akitafuta madoa na kutaja majina ya walioyatia.

Mwaka jana vijana wale walipoyachukua, Mama, ambaye sasa anakaa kwangu, alibaki akitazama sakafu tupu. Nikaanza kumsimulia mwanangu mdogo kisa changu cha kulinda. Mama akasikiliza mpaka mwisho, na mtoto alipotoka nje akasema, kama anayesema la bei ya sukari, kwamba mwaka ule chumba cha Bibi kilikuwa na joto kama tanuri. Alfajiri nikiwa nimelala, na adhuhuri nikiwa skuli, Bibi alikuwa akisali dirishani, pale pale, kwa ajili ya upepo. Na Mama nyuma yake.

"Sala zile tulizilipa zote," Mama akasema. "Kila asubuhi ukishakwenda skuli, tunasimama, yeye na mimi. Tuko na saumu, na magoti yake unayajua. Mpaka kumi la mwisho ndiyo tukamaliza."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, si siku ile, hata baadaye, hata nilipoolewa, hata Bibi alipokuwa kitandani na tukizungumza kila kitu.

"Nlitaka kukwambia. Akanikataza. Akasema mtoto kapalinda siku kumi na mbili, hatukai sisi tukamwambia hakupalinda."

Nina miaka arobaini na tatu. Nikakaa sakafuni, na nikalia mbele ya mama yangu kwa sababu ya mkojo wa Nasra, ambaye leo ni mama wa watoto wanne.