Siku Niliyomsemesha Baba Mkwe kwa Ajili ya Mbwa

Ukweni kwangu wanasema nilimvunjia heshima baba mkwe, siku ya Krismasi, mbele ya wageni, kwa ajili ya mbwa. Yote ni kweli. Siandiki haya kuomba radhi. Naandika kwa sababu kila anayeisimulia habari hii anaanzia pale ninapotoka jikoni, utadhani nilipandwa na mashetani nikiwa napakua wali.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakaa kanisa moja na kusalimiana vizuri tu. Baba mkwe wangu hajalegeza. Nikimwona anakuja njiani, naingia kwenye mikakao mpaka apite. Akija nyumbani, yeye anakaa barazani na mimi nabaki jikoni, na maneno yetu yanapitia kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kazi hiyo anaipenda kupita kiasi. Tangu niolewe, mzee hakuwahi kuisikia sauti yangu isipokuwa imechanganyika na nyingine kwenye kwaya. Sikulalamika. Ni mila zetu, na kusema kweli kuna wakwe ambao kutowasikia ni raha.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mbwa wangu wa kwanza alikufa wiki ya Krismasi, miaka michache iliyopita. Hapa Talatala, Kyela, Desemba ni mvua, na kakao uliyoianika huwezi kuiacha nje. Tulikuwa tumeiingiza ndani na kuitandaza kwenye turubai. Nyumba ilijaa wageni, kila mtu anakula, hakuna anayemwangalia mbwa. Akala kakao. Asubuhi akawa anatapika na kutetemeka, moyo unamwenda mbio mpaka unauona kwenye mbavu, na jua lilipozama alikuwa amekufa. Wifi akasema jirani kamtegea sumu. Mwingine akaleta habari za uchawi. Bwana mifugo aliposema ni kakao, nyumba nzima ilicheka. Kakao imetujengea nyumba, imesomesha watoto, itauaje mbwa? Mimi sikucheka, maana mbegu zenyewe nilizifagia kwenye matapishi yake. Nilimlilia yule mbwa, na nasema wazi kwamba nilimlilia. Walinicheka wakati ule na wanaweza kucheka tena.

Wa pili nilimpata sokoni Lyulilo, nilipokwenda kununua vyungu. Mama mfinyanzi alinipa kama nyongeza, nikarudi naye ndani ya chungu juu ya bodaboda, kichwa kinachungulia nje. Kwa huyo sikubahatisha. Kakao yangu sasa inakaukia juu ya kichanja kirefu, na mvua ikitulazimisha kuiingiza ndani, mlango unafungwa. Wakitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa ofisi ya kata, mimi nipo kwenye foleni na kamba yangu mkononi, katikati ya vijana wanaonishangaa. Mwaka Mpya ukiingia, watu wanapiga baruti na kugonga masufuria, yeye anakaa chumbani kwangu. Na sikukuu hakuna mgeni anayemrushia chochote, iwe mfupa wa kuku au ngozi ya nguruwe. Anakula kwenye bakuli lake, na anayempa ni mimi.

"Huyo ni mbwa au mgonjwa aliyelazwa?" wifi aliniuliza.

"Ni mbwa, wifi. Angekuwa mtu angekataa mwenyewe vinavyomdhuru."

Akasonya, akaenda kuwahadithia wenzake.

Krismasi iliyopita, mdogo wa mume wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja na boksi la chokoleti kwa ajili ya baba yake. Ile nyeusi, isiyo na maziwa. Alitaka mzee aonje kakao inaishia wapi baada ya kutoka Kyela, yeye aliyeilima maisha yake yote na hakuwahi kuila. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Tulitoka kanisani, tukala, mvua ikakatika. Mume wangu na mdogo wake wakawasindikiza baadhi ya wageni hadi barabarani. Wifi alikuwa nyuma ya nyumba anasugua masufuria. Barazani alibaki mzee na rafiki zake wachache, na mbwa wangu amelala karibu na ngazi.

Mimi nilikuwa dirishani jikoni. Nilimwona mzee akitia kipande mdomoni, akitafuna, akikunja uso kama aliyepewa mwarobaini.

"Huu uchungu ndio Wazungu wanaoufuata huku kote?" akawauliza wenzake, wakaangua kicheko.

Akamrushia mbwa kipande. Mbwa akameza hata sijapumua. Mzee akafurahi kuona kuna anayeipenda, akalishika boksi zima, akaliinamisha.

Nikamwita wifi. Hakusikia. Nikamwita tena, kimya. Nataka ieleweke kwamba mila sikuisahau. Niliikumbuka yote kuanzia kizingiti cha jikoni mpaka barazani, na nilitembea hivyo hivyo. Nilijitanda kitenge kichwani, nikainamisha macho, nikapiga goti na kumwita tata, yaani baba, maana adabu ninayo.

"Tata, usimpe. Itamuua."

Wale wageni walizitazama soda zao. Mzee akageuza uso haraka, akatazama ukuta, kama mila inavyomtaka na yeye. Boksi bado lilikuwa mkononi.

"Nani anaongea?" akauuliza ukuta.

"Mimi, mke wa mwanao."

"Kakao nimelima kabla wewe hujazaliwa."

"Na mbwa aliyeuawa na kakao nilimzika mimi, tata."

Mkono hakuurudisha. Mbwa alikuwa ameshapanda ngazi, ulimi nje, anasubiri. Nikanyoosha mkono, nikalichukua boksi kutoka kwenye vidole vya baba mkwe wangu.

Wifi alitokea wakati huo huo, mikono imejaa povu. "Gwe wifi! Umemnyang'anya baba?" Sauti yake ilimrudisha mume wangu mbio kutoka barabarani. Baraza ikajaa. Wakaniambia nilete kuku wa faini, nikae kwenye mkeka na kusema kwamba nimekosa.

"Kuku nitaleta," nikasema, "tena jogoo mkubwa, kwa sababu huyu ni mzee wangu. Kusema nimekosa, sisemi."

Mume wangu akaninong'oneza, "Sema tu, mama watoto, yaishe."

"Yataishaje na mbwa ameshameza?"

Nampenda mume wangu, lakini siku ile nilimwacha amesimama pale pale na aibu yake. Nilimbeba mbwa, nikaingia naye stoo, nikafunga mlango. Kwenye simu bwana mifugo alisema kwa kipande kimoja huenda asife, nimpe maji, nimwangalie, akianza kukakamaa nimpeleke mjini hata usiku. Kabla giza halijaingia alitapika. Akaanza kutetemeka, anahema, anazunguka stoo na kukojoa ovyo. Nikaweka kiganja kwenye mbavu zake na moyo ulikuwa unakimbia kama wa yule wa kwanza. Niliogopa sana. Ule ukali wote wa barazani uliniisha, nikabaki naomba kama mtoto, huku nje wanacheka na kuimba nyimbo za Krismasi. Siku ya pili yake alikunywa maji, akala wali kidogo, akalala. Nilikaa pembeni yake nikalia, na machozi hayo sikumwonyesha mtu.

Jogoo nilimpeleka. Wifi alimpokea mlangoni, akasubiri yale maneno mengine, nikamwambia hayapo. Basi nikawa mkamwana jeuri. Shughuli za ukoo zikawa zinapangwa bila mimi, na ujumbe wa mzee ukaacha kuja. Mume wangu alinibembeleza mara nyingi, na kila mara nilimuuliza kosa langu ni lipi: kutoka jikoni, au mbwa kuwa hai?

Pasaka mzee alikuja. Hakuna aliyetarajia. Akaketi barazani, wifi pembeni yake, na mimi nikapakua wali na kuku jikoni kama kawaida. Wakala. Mbwa akajisogeza taratibu mpaka miguuni pa mzee, akainua macho. Mzee alikuwa amemaliza paja, mfupa umebaki mkononi. Nikasimama dirishani, mwiko mkononi, tayari kutoka tena, na safari hii nisingepiga goti.

Mzee aliutazama mfupa, akamtazama mbwa. Hakumwambia wifi neno. Aligeuza uso ukutani, akapaza sauti ifike jikoni.

"Na huu je?"

Wifi alishafungua mdomo aniletee ujumbe. Nikamwahi.

"Huo pia hapana, tata."