Marekani ya Chumba cha Uani

Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini mjukuu wangu alimaliza kidato cha sita, na chuo kimoja cha Marekani kikamwita kwa ufadhili. Kijiji chetu kizima cha Usevya kilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Niliwaambia kisimani, niliwaambia kwenye mashine ya kukoboa, nikawaambia hata wafugaji waliokuwa wanapita na ng'ombe wao, watu wasionijua kabisa.

Tukamuaga kabla hajapata viza. Ujinga wangu ulianzia hapo. Nilidhani viza ni kama tiketi ya basi, unafika dirishani unapewa. Padri alimbariki, wanawake wa jumuiya wakalia, tukachinja majogoo mawili, akapanda basi aende Dar, na akitoka huko ni ndege moja kwa moja.

Baada ya wiki mbili karudi. Jua la mchana, watu wote wako majarubani kwenye mpunga, akapita nyuma ya nyumba na begi lake. Ubalozini walimwambia serikali yao mpya imebadilisha mambo, nchi kadhaa za Afrika zimefungiwa na yetu imo, wanafunzi nao wamo humo humo.

"Umekosa nini wewe?" nikamuuliza.

"Sijakosa kitu, Bibi. Nimezaliwa huku."

Sikumpa hata maji. Nilimwambia aingie chumba cha uani na asitoke.

Jioni ile jirani yangu, yule mwenye mdomo, akasimama mlangoni. "Haya dada, mtoto kafika?"

"Kafika," nikasema. "Anasema baridi ya huko inang'ata masikio."

Uongo ulinitoka laini kama uji. Siku tisa nzima nikawa nampelekea ugali umefunikwa kwa ungo kama namficha mwizi. Wanaume dukani wakisikiliza redio walibishana: huyu anasema Marekani inatudharau, yule anasema wakubwa wetu wataenda kuongea nao. Na mimi nikachangia, tena kwa sauti, kama mtu mwenye mtoto kule.

Siku ya kupandikiza mpunga, jirani na wenzake wawili wakapumzika uani kwangu wakila viazi. Wakataka habari za Marekani. Nilikuwa katikati ya kueleza theluji, mlango wa chumba cha uani ukafunguka.

"Shikamooni," akasema mjukuu wangu, kavaa gauni la shamba.

Jirani akadakia: "Marahaba, mwanangu! Kumbe Marekani yenyewe ni hapa uani, na nyie mnahangaika na viza!"

Walicheka hadi viazi vikawapalia.

"Rudi ndani," nikamwambia.

Akaniangalia. "Bibi, wale wamenikataa kwao. Na wewe unanikataa kwetu?"

Kicheko kikakatika. Jirani akafuta mdomo, akamtupia fungu la miche. "Njoo unisaidie, mwanangu. Bibi yako atabaki na theluji yake."

Wakaondoka naye. Yule rais wao namlaani mpaka leo, na sina mpango wa kuacha. Ila zile siku tisa si yeye aliyemfungia mtoto.

Nilipofika majarubani alikuwa mstari wa tatu, matope hadi magotini. Nilimpa pole ya kazi. Akaitikia, lakini hakuinua kichwa.