Adela na ugonjwa usiotajwa

Wembe uko kooni mwa Mzee Alojz, na mkono wa Adela unatetemeka.

"Binti, leo unaninyoa au unanichinja?" anauliza mzee, jicho moja limefumbwa.

"Tulia, Mzee. Ukicheka nitakukata."

Ni asubuhi mjini Rockville, Maryland. Adela, mzaliwa wa Bukoba, analea wazee majumbani kwa dola tisa kwa saa, bila bima. Mzee huyu ni mwalimu mstaafu wa lugha kutoka Slovenia. Kahawa yake ni nzito kiasi kwamba kijiko kikizama humo hupiga kelele za kuomba msaada.

Kinachomtetemesha Adela ni kivimbe alichokigusa titini akioga. Amemwambia mtu mmoja tu, Leokadia, anayeishi naye chumba kimoja.

"Shii! Usiutaje humu ndani," Leokadia alimkatiza. "Unataka ukusikie?"

Adela amelelewa hivyohivyo. Kwao mwenye Ukimwi husemwa "amekanyaga miwaya", na mama yake alikufa kwa "ule ugonjwa". Upi? Hakuna aliyemwambia. Kliniki ya bure ilipomuuliza swali hilo kwenye simu, alikata.

Mzee anapoona machozi yanaingia kwenye povu la sabuni, anamsimulia habari za dubu. Mababu zake, anasema, waliogopa hata kumtaja, wakamwita medved, yaani mla asali.

"Med ni asali, ed ni kula. Hata sarufi inamwogopa! Kwa Kislovenia, ukisema unaona jiwe, neno linabaki lilivyo. Ukisema unamwona yeye, linageuka medveda, kwa sababu ana uhai, naye anakuona."

"Na jina lake halisi?"

"Tulilificha mpaka tukalisahau. Dubu mwenyewe hakwenda popote. Babu yangu alimkuta jikoni amevaa aproni."

Adela hakucheka. Mchana uleule alimpigia mama yake mdogo, Bukoba.

"Mwanangu, hayo hayasemwi kwenye simu."

"Mama mdogo, sikati mpaka useme. Mama aliumwa nini?"

Mbuzi alilia upande wa pili. Kisha sauti ndogo: "Saratani. Ya titi. Ilianza kama punje ya haragwe."

Adela alikaa sakafuni. Chake nacho ni kama haragwe.

Amepata nafasi kliniki, Alhamisi. Leokadia atamsindikiza, kwa sharti kwamba yeye hatafungua mdomo.

"Naogopa hadi meno yanagongana," anasema Adela. "Lakini nikifika dirisha la mapokezi nitasema, mama yangu aliuawa na saratani ya titi. Wakinitazama, watazame wakijua wanatafuta nini."