Penalti Aliyoidaka Byamungu

Kila kiangazi, mashine inapokata majani nyuma ya ghorofa letu hapa Dixon, mimi hufunga dirisha. Watu wa Toronto wanaipenda harufu ya majani yaliyokatwa. Mimi inanirudisha kwenye uwanja wa chuo cha ualimu kule kwetu, mashariki mwa Kongo, msimu ule wa vita, nilipokuwa msichana wa darasa la nne. Wanachuo walikuwa wameufyeka uwanja kwa mapanga tangu asubuhi, kwa sababu kamanda wa wanajeshi walioushika mji alitaka mechi: timu yake na timu ya chuo. Nani angethubutu kumkatalia? Bunduki zao walizilaza nyuma ya goli, juu ya majani mabichi, wakaingia kucheza huku wakicheka kama vijana wengine wowote.

Golikipa wa chuo alikuwa kaka yangu Byamungu, mrefu, mtani, mwenye viganja vipana. Mji mzima ulijua tabia ya kamanda: mchezaji aliyemfurahisha alimchukua, leo kwenye timu yake, kesho vitani. Basi mama alimshika kaka mkono pale mlangoni. "Mwanangu, leo ucheze ovyo. Waache wafunge, urudi nyumbani." Byamungu akacheka. "Mama, kwani kufungwa ni kazi? Hiyo naiweza."

Na kweli alijitahidi, maskini. Mabao mawili aliyaacha yapite, akaanguka kama gunia, watu wakamzomea, na mama akatabasamu nyuma ya kitenge chake. Kisha ikaja penalti. Mpigaji alikuwa kamanda mwenyewe. Sijui nini kilimpata kaka. Nadhani mwili ulimshinda. Aliruka, akaudaka mpira, akaukumbatia kifuani. Uwanja ukalipuka, na mama, mama yangu yule yule, akasahau kila kitu, akapiga vigelegele virefu, vya harusini. Kwetu mwanamke hakai kimya mwanawe akishinda. Nilimwona akijiziba mdomo kwa kiganja, lakini jamani, vilikuwa vimeshatoka. Kamanda aligeuka, akamtazama, akapiga makofi. "Hongera, mama. Umezaa mwanamume." Jioni hiyo gari lao lilimchukua Byamungu akiwa bado na jezi ya chuo. Hatukumwona tena, wala kaburi hatukuonyeshwa.

Hapa hakuna anayekuja kumchukua mtoto wa mtu kwa sababu ya kudaka mpira. Nashukuru, na bado roho inaniuma. Mwanangu naye ni golikipa, viganja vile vile. Jumamosi iliyopita alidaka penalti, wazazi wakaruka, nami nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa kando yangu kwenye kiti cha kukunja, mkono mdomoni. Tulipokuwa tukirudi, mtoto akaniuliza, kwa Kiingereza chake, mbona bibi hajawahi kumshangilia hata mara moja. Mama anakielewa Kiingereza kiasi hicho. Aliishika mikono ya mjukuu wake, akaigeuza, akaitazama, kisha akaniambia mimi: "Mwambie ninaponyamaza, ndipo namshangilia."